Vikeka vya vikombe: kazi ya mikono inayomkinga mtoto na chai ya moto

Kilosa ni wilaya ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kwa mzazi wa Masanze, kamba ya katani inaweza kuwa kazi ya Jumamosi na watoto: kutengeneza vikeka vya kuwekea vikombe.

Kikeka kimoja huhitaji kamba tatu nyembamba, au vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi. Mtoto anazisuka kama nywele. Msuko wenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 80, ukizungushwa kuanzia katikati, hutoa duara la sentimita 10, linalotosha kikombe. Kushona mizunguko kwa sindano ni kazi ya mtu mzima.

Faida yake si urembo tu. Kitambaa cha meza kinachoning'inia humpa mtoto anayejifunza kusimama kitu cha kushika. Akikivuta, chai humwagikia usoni na kifuani. Kikeka hakining'inii. Basi kitambaa kiondolewe, na vikombe vikae katikati ya meza.

Ajali ikitokea, mtoto avuliwe nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandia ngozi. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, pafunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, yai, asali na mafuta visipakwe kabisa.