Komisyonere hawezi kuweka nyumba yako rehani

Wakaaji wa Likasi, toka Kikula hadi Panda, tusidanganyane. Komisyonere anaweza kukutafutia mkopeshaji, basi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 iko wazi: haki ya parseli inathibitishwa na sertifika ya konservatere, na rehani inaandikwa katika kitabu chake, si mezani kwa komisyonere. Fishi ya komini haitoshi. Anayekusukuma usaini karatasi ya mauzo ili upate mkopo hakutafutii rehani. Anauza nyumba ya watoto wako kwa bei ya deni. Yeye analipwa siku ileile, deni linabaki kwako. Meya abandike katika kila komini orodha ya makomisyonere wanaotambuliwa. Mpaka siku hiyo, usisaini.