MAMBO YA NYUMBANI: MIKONO YA WAZEE WETU

Tulipokwenda kumtazama bibi mmoja huko Mbagala, upande wa Temeke, tulimkuta mikono yake imejaa mavilio meusi tangu kifundo hata kiwiko. Majirani walikuwa wamekwisha kunong'ona kwamba mkaza mwanawe humpiga. Kumbe hakupigwa. (Wazee wapigwao wapo, basi mwulizeni mzee mwenyewe, faraghani, kabla ya kumhukumu mtu.)

Ngozi ya uzeeni huwa nyembamba, na mishipa midogo ya damu iliyo chini yake hukosa kinga. Hata kushikwa mkono kwa nguvu wakati wa kuinuliwa kitandani kwaweza kuleta vilio. Jua la miaka mingi shambani na sokoni huzidisha jambo hili.

Lakini tulionyeshwa na kopo la mkorogo. Mjukuu alikuwa akimpaka bibi yake kila jioni, kwa upendo, ili ngozi ing'ae. Twahuzunika kusema, maana makopo hayo yako tele hata Kinondoni. Mikorogo mingine ina steroidi, ambayo huzidi kuikondesha ngozi. Mingine ina zebaki, idhuruyo figo. Mwenye kuitumia siku nyingi achukue kopo lenyewe akamwonyeshe daktari, kwani kuacha ghafula nako kwaweza kuleta taabu.

Mzee na aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, wala si ile ya mche ya kufulia. Dodoki liwekwe kando. Mkausheni kwa kumgusagusa kwa kitambaa laini, na ngozi ikiwa ingali na unyevu mpakeni mafuta ya nazi au Vaseline. Juani avae mikono mirefu. Kumwinua, msimvute mkono, mtegemezeni mwili.

Ngozi ikichanika, msiukate ule utando. Osheni kwa maji safi, urudisheni taratibu mahali pake, mfunike kwa kitambaa safi kisichogandamana, kisha aende zahanati. Kidonda kisichopona mwezi mzima kitazamwe hospitali. Na baka lisilosikia mguso lisingojewe: huenda ni ukoma, nao huponywa kwa dawa za miezi 6 au 12, zitolewazo bure.

Yule bibi sasa ana mavilio machache. Mkaza mwanawe ameanza tena kuteka maji pamoja na majirani.