Risala ya Wananchi wa Bonde la Lukuledi Kuhusu Kina cha Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa Masasi na Newala, wazee wetu, ndugu wananchi,

Risala zetu za miaka iliyopita zilijaa shukrani hadi madai yakakosa nafasi, kwa hiyo leo utatuwia radhi tukianza na madai. Tunalo moja kubwa, na mengine yote yanatokana nalo: maji yaliyo chini ya ardhi yetu yapimwe kina, na vipimo hivyo tuvione kwa macho yetu.

Sera ya Maji ya 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo, ila mita zote 400 ni za kwenda mbele. Za kwenda chini hazimo. Kijiji chenye pampu ya mkono karibu na shule kinaandikwa kuwa kimehudumiwa, hata kama kuanzia Septemba maji yameshashuka chini ya bomba na akina mama wanapampu hewa. Kwenye taarifa tuna maji. Kwenye ndoo hatuna.

Mtoto wa darasa la tano hapa atakuambia bila kusita kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani. Baharini mbele ya Mtwara na Lindi, meli za utafiti wa gesi zimechimba mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,000, na kila mita imeandikwa. Muulize mtoto huyo huyo kisima cha shule yake kina mita ngapi. Hajui. Mwalimu wake hajui, na mwenyekiti wa kijiji hana karatasi inayoonyesha.

Mheshimiwa, anayetazama ramani akiwa mbali huona bonde moja. Sisi tunaishi kati ya ardhi mbili. Upande wa Masasi, kule yaliko majabali, chini ya udongo kuna mwamba mgumu wa kale. Maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliomomonyoka na kwenye nyufa zake. Ukishazipita nyufa, kuendelea kuchimba ni kutoboa jiwe kavu kwa fedha ya umma. Upande wa uwanda wa Makonde ni mchanga na mawe ya mchanga. Mvua ikinyesha inazama papo hapo, juu hakibaki kijito, na maji unayakuta chini sana, au yanajitokeza yenyewe kwenye chemchemi za chini ya uwanda kama zile za Ndanda. Kwa hiyo upande mmoja kina hakisaidii, na upande wa pili bila kina hupati kitu. Lakini mikataba ya kuchimba inaletwa kama vile ardhi ni moja.

Tutoe mfano, na hatumtaji mtu. Katika kijiji kimoja cha kata hii kisima kilichimbwa masika yanaisha. Mwezi wa Aprili, maji yakiwa juu kuliko wakati wowote wa mwaka, likafanywa jaribio la kuvuta maji, likafaulu, picha zikapigwa, mkandarasi akalipwa akaondoka. Oktoba pampu ikaanza kukohoa. Fundi aliyeitwa alitaka kujua vitu viwili tu: shimo lina mita ngapi, na siku ya jaribio maji yalitulia mita ya ngapi. Hakuna aliyekuwa na jibu. Akafungua mabomba moja moja akiyahesabu mwenyewe, na alipofika mwisho akakuta bomba limeishia juu ya maji.

Wakati kisima hicho kimesimama, akina mama walirudi mchangani mtoni. Mto ukikauka, unachimba shimo kwenye mchanga, unasubiri maji yajae taratibu, unateka kwa kata. Kila wiki shimo linaongezwa. Kwenye visima vya kamba nako ni hivyo hivyo: kiangazi kikikolea, kamba inaungwa pima moja, baadaye nyingine. Kwa maneno mengine, kipimo cha kina cha maji cha Lukuledi kipo, kipo mikononi mwa wanawake hawa, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuwaomba wamwonyeshe.

Kina ni gharama pia. Pampu ya kuvuta iliyokaa juu ya ardhi haiwezi kuleta maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane, hata ungeifunga injini ya treni, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa, nao una mwisho wake. Pampu ya mkono ya Afridev hufika mita 45 hivi. Zaidi ya hapo kwa kawaida ni pampu ya kuzamisha, na umeme. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 300 kunataka uniti 0.8 ya umeme kabla ya kuhesabu hasara ya pampu na mabomba. Ndiyo maana wenzetu wa Newala, walio juu ya uwanda, wanaona maji yakiwa ghali ilhali chemchemi iko chini ya macho yao. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliikuta shida hiyo hiyo ya maji kubebwa kutoka bondeni. Miaka ya 1950 ukaja mradi wa kuyapandisha kwa pampu. Baadaye wakaja wafadhili wa Finland na visima vyao. Mwaka 2022 ikasainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Makonde imo. Mradi huo tunaupokea kwa mikono miwili. Tunachoomba ni kwamba bili ya kupandisha maji isije ikamwangukia mwenye ndoo kwa sababu tu babu yake alijenga juu.

Kuna pia hali ya hewa. Tunasikia redioni kwamba miaka ambayo tabaka la maji ya joto linaongezeka kina upande wetu wa Bahari ya Hindi, mvua za Afrika Mashariki huzidi. Ilikuwa hivyo 2019, na Januari 2020 mafuriko yakaukumba mkoa wa Lindi. Mtu wa mbali atasema basi visima vimejaa. Si lazima. Mvua inayoshuka kwa fujo juu ya mwamba wa Masasi hukimbilia mtoni na udongo wetu, ikaishia Lindi, huku tabaka la chini likipata kidogo. Na ndugu zetu wa mwisho wa mto wana hatari nyingine: karibu na pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na maji baridi yakishuka mita moja, chumvi yaweza kupanda kama mita 40. Anayevuta bila kupima huko atakuja kunywa bahari.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Mkandarasi yeyote asilipwe kabla kijiji hakijakabidhiwa karatasi yenye kina cha shimo, tabaka za mawe alizozikuta, kina cha maji yakiwa yametulia na kina chake baada ya kuvutwa, na karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji. Jaribio la kukabidhi kisima lifanyike Oktoba au Novemba. Likifanyika masika, lirudiwe kabla ya malipo ya mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, imeshaweka utaratibu wa vibali vya visima, kwa hiyo hatuombi sheria mpya.

Tunadai pia visima vya kupimia tu, visivyotekwa maji, angalau kimoja upande wa mwamba na kimoja upande wa uwanda, visomwe kila mwezi. Kifaa chake ni utepe wenye alama za mita unaolia ncha ikigusa maji. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaufundishwa asubuhi, mchana anafanya kazi. Tunao vijana wa aina hiyo, wamekaa.

Kila shule na zahanati ya uwandani ipate tangi la kuvuna maji ya bati, na miteremko ya juu ya chemchemi isikatwe miti kwa kibali cha mtu yeyote.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya Oktoba ijayo, wakati ambapo mheshimiwa ukipita tena utatukuta mtoni tunachimba.



Wananchi wa Bonde la Lukuledi