Wachache na Hofu ya Wengi

Iko hoja irudiwayo kana kwamba ni kanuni ya maumbile: ati jamii ndogo ikaayo katikati ya jamii kubwa haina salama bungeni ila kwa kuwa na chama chake, viti vyake vilivyotengwa, na washirika wafananao nayo kwa uchache. Hoja hiyo huvaa joho la haki, lakini historia huivua.

Na itazamwe Poland, dola iliyofufuka baada ya Vita Kuu ya 1914–18. Theluthi moja hivi ya watu wake walikuwa Waukraine, Wayahudi, Wajerumani na wengineo. Mwaka 1922 viongozi wao, Yitzhak Grünbaum akiwa mmojawapo, waliunda umoja wa jamii ndogo ili wapigiwe kura kwa orodha moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walipata viti 66 katika Bunge la watu 444. Tarehe 9 Desemba kura zao zilisaidia kumfanya Gabriel Narutowicz kuwa Rais. Papo hapo wapinzani wakapiga kelele kuwa huyo ni rais wa wageni. Tarehe 16 Desemba akapigwa risasi, akafa. Lawama ya damu ile ni ya muuaji na waliomchochea, wala si ya wachache. Lakini funzo ni chungu: wachache walishinda katika hesabu ya kura, na katika mioyo ya wengi walikuwa bado wamesimama nje.

Tanganyika nayo ilitegewa mtego wa namna hiyo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila jimbo lilitoa wajumbe watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mpiga kura alilazimishwa kuwachagua wote watatu. Waafrika zaidi ya milioni nane wakawa sawa kwa viti na Wazungu wachache mno. Tena mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Mkulima wa kawaida wa Misigiri, katika nchi ya Wanyiramba, mwenye mtama wake na ng'ombe wake, alikuwa mbali na masharti hayo.

Januari 1958, mjini Tabora, TANU iliamua kuingia katika uchaguzi huo. Zuberi Mtemvu akakataa, akajitenga na kuunda chama chake. Hapo ndipo wasimulizi wengi hukoma, wakimsifu Julius Nyerere peke yake. Sifa hiyo ni haki yake, ila ni nusu ya kisa. Mkono mmoja haupigi kofi. Waasia wangaliweza kujificha ndani ya viti walivyotengewa na kukumbatia United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na Gavana Twining. Viongozi wa Asian Association hawakufanya hivyo; waliungana na TANU. Sophia Mustafa na Amir Jamal wakaingia Barazani kwa kuungwa mkono na chama ambacho, kwa wakati ule, hakikuwaruhusu hata kuwa wanachama! Huo ndio ujasiri unaosahauliwa.

Je, wengi nao walitimiza ahadi? Si wote, wala si siku zote. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia ufungwe kwa rangi, hata Nyerere akatishia kujiuzulu. Mwaka 1971 majumba mengi ya Waasia yalitaifishwa. Wapinzani watasema: basi ushirika ule ulifaa nini? Wajibiwe kwamba ushirika si bima ya mali. Ulichofaa kilionekana mwaka 1965, viti vya rangi vilipokwisha kuondolewa: Jamal na Derek Bryceson walichaguliwa na wapiga kura ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Hakuna kiti cha kutengewa kiwezacho kumpa mtu heshima hiyo.

Tangu 1992 sheria ya Tanzania inakataza vyama vya kabila, dini au rangi. Sheria hiyo ni njema, lakini vyama vikubwa visiifanye mto wa kulalia. Kumkataza mchache asijenge nyumba yake, kisha kumwacha barazani pasipo kumkaribisha ndani, ni dhuluma iliyopakwa chokaa. Jirani ya Iramba, huko Mkalama, wapo Wahadzabe, watu wachache waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Chama kinachojiita cha taifa na kipimwe hapo: je, huwaendea kuwaomba kura tu, au huwapa pia nafasi ya kusimama na kuombewa kura na jirani zao, Wanyiramba na Wanyisanzu? Mwaka 1958 wachache ndio waliovuka kizingiti kwanza, wakawaamini wengi. Deni hilo halijalipwa lote, na anayedaiwa ni yule mwenye nguvu.