Wadau wa kompyuta, skrini mnaitengeneza lini?

Leo naingilia fani ya watu. Mimi ni wa Ualimu lakini hili lazima niliseme.

Jumamosi nilipita Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo kununua daftari. Kwa wakala mmoja wa pesa za simu (mtandao gani sitaji), mama anampa kijana simu yake na namba ya siri anaitaja kwa sauti, foleni nzima tunasikia. Jamaa nyuma yangu akasema "elimu hakuna". Nikabisha! Yule mama anauza vitenge, bei za jora na doti anazipiga kichwani. Kinachomshinda ni menyu.

Washkaji wa Kompyuta hapa chuo nikiwauliza wananijibu: kwanza mfumo ufanye kazi, muonekano utakuja baadaye. Yaani ni kama mimi nimalize kufundisha muhula mzima, halafu ndiyo niulize hawa wanafunzi ni wa kidato cha ngapi.

M-Pesa yenyewe haikutengenezwa hivyo. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005, Nairobi na Thika, wateja hawakufika 500, na lengo lilikuwa kulipia marejesho ya mikopo ya Faulu. Kumbe watu wakawa wanatumiana hela kwa shida zao wenyewe. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikowekwa mbele. Kilichobadilika pale siyo rangi jamani, ni kazi yenyewe ya mfumo, na ilibadilika kwa sababu watumiaji waliangaliwa mapema.

Halafu kuna lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya heshima ile. Ila mfasiri yeyote wa programu anakuta nyumba imeshajengwa kwa Kiingereza. Mhandisi kaweka ujumbe mmoja wa kufuta, utumike kwa kila kitu. Kwetu unagoma: faili limefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa. Ngeli hizo! Hapo mfasiri hata awe profesa hawezi, mpaka kodi yenyewe ifumuliwe. Na kwenye menyu za kubonyeza nyota na reli, ujumbe mmoja unabeba herufi 182 tu, na ukichelewa kusoma inakata. Sasa urefu wa neno "thibitisha" ni suala la mchoraji au la mhandisi? Ni la wote wawili, tena siku ya kwanza.

Kwa hiyo nyie mnaoanza miradi ya mwaka wa mwisho, kabla ya kuandika mstari mmoja wa kodi, choreni menyu kwenye karatasi mwende nazo Kariakoo. Mpeni muuza vitenge abonyeze kwa kidole, nyamazeni, angalieni anakwama wapi. Mkibadilisha kitu, rudini tena.

Mkipanga safari nistueni. Jumamosi hapana, pale hapapitiki. Jumanne ndiyo nzuri, nina kipindi kimoja tu.