Nyumba Inayopanda Ngamia

Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya nyumba za ngozi, nyepesi kwa msafiri. Huko Eldas, kaunti ya Wajir, dada zetu wafugaji huijua neema hiyo kwa mikono yao: aqal hujengwa, hubomolewa na kupakiwa ngamia na mwanamke.

Siku hizi wengi huifunika kwa turubai. Hatuwalaumu; ni jepesi, na mikeka ina kazi kubwa kusuka. Ila upepo wa kuelekea mvua za Deyr huliingia kwa chini, likapigapiga usiku kucha, na likichanika, watoto wameloa. Mkeka mzito hautikisiki hivyo.

Kwa mama aliye na vyote viwili, rai yetu ni turubai litangulie, mkeka ulilalie juu, na kamba zizunguke kuba lote. Mlango uupe upepo kisogo. Mfereji uchimbwe mapema pia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliingia kwa chini, si kwa paa. Na fito zilizopindwa zisiachwe kwa ajili ya mabomba ya chuma: fito huinama na upepo, kisha hurudi.