Mungu Hutupokea Kwanza



Katika mikutano yetu swali moja hurudi mara kwa mara, hata likifichwa chini ya maneno mengine: je, Mungu atanipokea hivi nilivyo? Huliuliza kijana aliyetoa rushwa ili apate kazi. Huliuliza yule aliyerudi kutoka msituni, alikokuwa ameshika bunduki. Huliuliza binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaacha kuja kanisani kwa aibu. Wengi wao hujijibu wenyewe: nitarudi nikishatengeneza maisha yangu.

Jibu hilo lasikika kuwa la unyenyekevu, lakini si imani ya Kanisa. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba hakuna tendo letu linalotangulia neema ya kuhesabiwa haki na kuistahili. Mungu ndiye anayeanza. Mtazameni Zakayo katika Injili ya Luka. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko, tajiri, mwenye kudharauliwa na watu wake. Alipopanda mkuyu hakuwa amerudisha hata sarafu moja. Ni Yesu aliyemwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake, na watu wakanung'unika. Ndipo Zakayo aliposimama, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kukaribishwa kulitangulia, matengenezo yalifuata.

Lakini tusisome nusu ya habari. Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba, maadamu Mungu anatupenda sote, mwenendo haujalishi. Zakayo hakufahamu hivyo. Kama angaliketi mezani na Bwana huku akiendelea kushikilia mali ya dhuluma, mlango wa nyumba yake ungalifunguka na moyo wake ungalibaki umefungwa. Mtume Yakobo naye alituonya waziwazi juu ya imani isiyozaa matendo.

Sisi wa Kongo tumepewa shahidi wa jambo hili. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, alisoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akawahudumia watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo. Mwaka 2007 alikuwa akifanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, naye alihusika na bidhaa zilizoharibika. Alitolewa fedha ili aruhusu vyakula vibovu vipite mpakani, akakataa. Mwezi wa Julai mwaka ule alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, alitangazwa Mwenye heri na mfiadini.

Je, alizikataa fedha zile ili Mungu ampende? Hatudhani hivyo. Alikwisha kupendwa. Alikuwa amezoea kusali pamoja na wenzake na kuketi na watoto wasiotakiwa na mtu. Basi alijua kwamba kila gunia bovu huishia katika sahani ya mtoto wa mtu. Ajuaye kwamba amekwisha kupokewa na Mungu ni vigumu kumnunua.

Hapa hatuna budi kujichunguza. Tumekuwa tukimwondoa katika kwaya binti aliyepata mimba, ilhali kijana aliyempa mimba hiyo akaendelea kuimba kila Jumapili. Jambo hilo tuliliita nidhamu. Kusema kweli, tuliogopa maneno ya watu. Hatukuihukumu dhambi, tulilihukumu tumbo lililoonekana.

Wapo watakaosema kwamba tukimrudisha tutawafundisha wadogo kuwa dhambi si kitu. Hofu hiyo twaielewa. Lakini kwa kumfukuza tumewafundisha jambo baya zaidi: kwamba dhambi iliyofichwa haina neno. Kanisa lina njia yake, nayo ni sakramenti ya Kitubio, iliyo wazi kwa binti na kwa kijana vilevile. Aliyeiba arudishe. Aliyezaa alee, wala asimwachie mwenzake mzigo peke yake. Njia hii si nyepesi, na ndiyo sababu hakuna awezaye kuitembea akiwa amefungiwa nje.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kihesabu nafasi zilizo wazi na kukumbuka zilikuwa za nani. Twende wawili wawili mpaka nyumbani kwao, pasipo barua ya masharti mkononi. Tuwaambie kwamba nafasi zao zipo. Mengine tutayatengeneza pamoja, wao na sisi, tukiwa ndani.